Nyota nne kwa maabara ya Mwanga, Kigoma: walipima manii ya mume wangu, na majibu mazuri hawakuyageuza kuwa kesi yangu

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya mapokezi, na nitaeleza. Kilichonifanya niandike ni mtaalamu wa maabara aliyempa mume wangu majibu mazuri, kisha palepale akamzuia kunigeuzia macho mimi.

Jina silitaji. Kigoma tunajuana, na benchi la kusubiria liko barazani, anayepita anakuona. Nikitaja mlango, kila mwanaume atakayekaa pale atasemwa kabla hata hajatoa sampuli. Ni maabara binafsi, ndogo, upande wa Mwanga, si mbali na soko. Anayeihitaji amuulize daktari wake wa uzazi. Kama uko Kasulu, Kibondo au Tabora, soma tu, maana mengi ya haya yatakufaa popote utakapopima.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, nakaa Ujiji. Mume wangu ni fundi wa injini za boti, Kibirizi. Tuna miaka kadhaa ya ndoa na hatujapata mtoto, na kwa miaka yote hiyo mgonjwa nimekuwa mimi. Nimetolewa damu, nimepigwa ultrasaundi, nimepigwa ile picha ya mirija ambayo dawa inapitishwa mlango wa kizazi huku umeng'ata kanga. Mirija iko wazi, mayai yanapevuka, homoni ziko sawa. Nimenyweshwa dawa za chango, nimefukizwa, nimekandwa tumbo. Mama mkwe, ambaye nampenda na najua ananipenda, kila tukikutana ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, bado?" Wifi mkubwa alishaanza kutaja binti wa kumwozesha kaka yake.

Mume wangu hakuwa amepimwa kitu. Kila tulikokwenda aliambiwa asubiri nje. Na yeye, kama wanaume wengi wa hapa, aliamini kwamba mwenye nguvu za kiume hana la kupimwa. Nguvu na mbegu ni mambo mawili tofauti kabisa. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zake zote na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023 likisema takriban mtu 1 kati ya 6 hupitia ugumba wakati fulani wa maisha yake, maana yake wenzi wamekutana bila kinga kwa miezi 12 au zaidi na mimba haikuingia. Na katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, upande wa mwanaume una mchango, peke yake au pamoja na wa mke. Karibu nusu! Halafu nenda kaangalie foleni za kliniki uhesabu wanaume.

Sasa huduma yenyewe. Ilianza kwa simu, na hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu. Aliyepokea alikuwa mtaalamu mwenyewe, kijana wa Kasulu, na hakunipa tarehe kabla ya kuuliza maswali. Mume wako amepata homa kali au malaria miezi mitatu iliyopita? Anavuta sigara? Amewahi kuchomwa sindano za kutunisha misuli? Anafanya kazi kwenye joto? Nikamuuliza homa ya zamani inahusu nini na kipimo cha leo. Akanieleza kwamba mbegu huchukua siku 74 hivi kutengenezwa, na baada ya hapo zina safari ya kupita kwenye mirija ya kuzikomaza, kwa hiyo homa iliyokupata miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye kikopo cha leo. Ukipima baada ya malaria kali ukaambiwa huna mbegu za kutosha, umepimwa malaria yako.

Kisha masharti. Asikutane na mwanamke wala kujichua kwa siku 2 hadi 7, isipungue wala isizidi. Akipunguza, idadi inashuka. Akizidisha, mbegu zilizokufa zinaongezeka. Asitumie kondomu ya kawaida kukusanyia, maana ile ina vitu vinavyoziua. Asipake mafuta, sabuni wala mate. Na yale matone ya kwanza yasimwagike, kwa sababu ndiyo yanayobeba mbegu nyingi zaidi. Likitokea hilo, aseme, liandikwe kwenye fomu. Ukipewa kikopo bila kuambiwa haya, majibu utakayopewa hayatakuwa na maana kubwa.

Wana chumba cha kutolea sampuli, lakini kimebanana na mapokezi na mlango wake ni mwepesi. Mume wangu alikataa, naye alikuwa na haki. Wakaturuhusu kutolea nyumbani kwa sharti moja: sampuli iwafikie ndani ya nusu saa ikiwezekana, isizidi saa moja, na isipoe wala isipate jua. Hakuna friji, hakuna kuifunga kwenye mfuko wa plastiki ukaining'iniza kwenye pikipiki. Nikaandika saa kwenye kikopo kwa kalamu ya wino, nikakaza kifuniko, nikakiweka kifuani ndani ya sidiria, nikajifunga kanga juu ya gauni, tukapanda bajaji kutoka Ujiji. Njia nzima mkono wangu ulikuwa pale kifuani. Dereva akaniuliza, "Mama, mtoto wa ngapi?" akidhani nanyonyesha na maziwa yananisumbua. Mume wangu akajibu kabla yangu: "Tunamtafuta, shehe. Wewe endesha." Sikuwahi kumsikia akisema "tunamtafuta" mbele ya mtu mwingine.

Mapokezi ndipo walipoharibu. Ukumbi ulikuwa umejaa, kina mama wenye watoto wa kupima malaria, wazee wa sukari. Dada wa pale akakichukua kikopo, akakiinua juu akisoma jina, akasema kwa sauti, "Hii manii ni ya nani?" Mume wangu aliinamisha kichwa na kidogo aondoke. Mwanamke aliyemshawishi mumewe kwa mwaka mzima aje kupima anaweza kumpoteza hapo kwa sentensi moja. Namba ingetosha. Karatasi ya kukifunika ingetosha. Nimewaambia ana kwa ana, nao wakakubali, lakini nyota hiyo siirudishi mpaka nisikie kwa wengine kwamba wamebadilika.

Ndani mambo yalikuwa tofauti. Mtaalamu alikiweka kikopo kwenye mashine ya joto la nyuzi 37, akatueleza kwamba manii yakitoka huwa mazito na huyeyuka yenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa, na haruhusiwi kuhesabu kabla hayajayeyuka. Mume wangu akamuuliza kuhusu "mbegu nyepesi", maana ndicho wanachokiuza wale wa karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme: ngiri, chango, mbegu nyepesi, piga namba hii. Akamjibu, "Kaka, wepesi wa manii kwa macho hauniambii idadi. Tusubiri hadubini."

Na hadubini alituonyesha. Sijui kama maabara nyingine zinafanya hivi, lakini ningelipa mara mbili kwa ajili ya hilo tu. Alidondosha tone kwenye kioo chenye mistari ya miraba, akalenga, akampisha mume wangu. Alikaa pale muda mrefu bila kusema. Nilipoinama mimi, niliona nilichokuwa nikikichora ubaoni miaka yote kikiwa hai: vichwa vidogo vyenye kung'aa, mikia usiyoweza kuifuata kwa jicho. Nyingine zinakata mraba na kwenda zake. Nyingine zinazunguka palepale. Nyingine zimelala hazitikisiki. Mtaalamu alikuwa na kihesabio mkononi, kila anayoihesabu anabonyeza, tiki, tiki, akirudia upande wa pili wa kioo ili kulinganisha hesabu. Kila kundi lina safu yake kwenye fomu.

Majibu: ujazo mililita 2.6, mbegu milioni 48 kwa kila mililita, asilimia 55 zinatembea na nyingi kati ya hizo zinakwenda mbele, asilimia 6 zina umbo kamili. Hiyo 6 ilimtisha mume wangu, akaona amefeli. Kumbe kiwango cha chini ni 4. Kwa wanaume, hata wenye watoto, mbegu nyingi huwa zina kasoro ya umbo.

Hapa nina lawama ya pili, ndogo lakini ya maana. Fomu yao iliyochapwa inaonyesha kiwango cha chini ni milioni 20 kwa mililita. Hicho ni cha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999. Mwaka 2010 kilishushwa hadi 15, na toleo la 2021 linasema 16, pamoja na jumla ya milioni 39 kwa sampuli nzima na asilimia 42 zinazotembea. Mwanaume mwenye milioni 17 akisoma fomu ile ataondoka akijua ana upungufu. Mtaalamu mwenyewe anajua, alikata kwa kalamu akaandika pembeni namba mpya, lakini si kila siku atakuwepo yeye. Wachape fomu nyingine.

Alitueleza pia namba hizo zinatoka wapi, na hili hata mimi mwalimu nililipokea kwa mikono miwili. Walipimwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, wakapangwa kuanzia wa chini hadi wa juu, na mpaka ukawekwa pale ambapo 5 kati ya 100 wako chini yake. Maana yake wapo waliokuwa chini ya mpaka na bado walizaa, na aliye juu ya mpaka hajahakikishiwa mtoto.

Mume wangu aliposikia "uko vizuri" alishusha pumzi, halafu akanigeukia. Hakusema neno, ila nilijua kinachokuja, kwa sababu ndicho kinachokuja siku zote: kama si mimi, basi ni wewe. Mtaalamu aliliona. Akaweka kalamu chini akasema, "Kaka, karatasi hii inasema mbegu zipo, zinatembea, na umbo linaridhisha. Haijasema zimevaa nini. Na haijasema lolote juu ya shemeji."

Zimevaa nini. Nikamuuliza ana maana gani, tukaingia kwenye mazungumzo ambayo sikutegemea kuyapata kwenye chumba kile, nami nikarudi nyumbani nikasoma zaidi kwa sababu ndiyo fani yangu. Wapo watakaosoma hapa wakiwa na "majibu mazuri" mkononi na ndoa inayoyumba, kwa hiyo nayaeleza.

Mbegu ya mwanaume imefunikwa juu kwa protini zenye sukari. Mojawapo inatengenezwa kwa maagizo ya jeni, yaani kipande cha DNA tunachorithi, inayoitwa DEFB126. Inaifunika mbegu nzima kama vazi, kichwa hadi mkia, na kazi yake kubwa ni kuisaidia kupenya ute wa mlango wa kizazi na kuificha mbele ya askari wa kinga ya mwili wa mwanamke, wasiione kama mgeni. Mwaka 2011 kundi la watafiti lililoongozwa na wa Chuo Kikuu cha California, Davis, huko Marekani, lilitangaza kwamba kuna aina ya jeni hii iliyopungukiwa herufi mbili tu za DNA. Darasani ningeieleza hivi: chukua SOMA KITABU CHAKO, igawe herufi tatutatu kama seli inavyosoma DNA, SOM-AKI-TAB-UCH-AKO. Toa O na M mwanzoni. Sasa inasomeka SAK-ITA-BUC-HAK-O. Herufi mbili zimeondoka na kila kinachofuata kimevurugika. Kwenye jeni hii hata alama ya kuishia inapotea, na protini inakosekana.

Mtu hurithi nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja nzima hana shida. Mwenye nakala zote mbili zilizopungua, mbegu zake zinatoka bila vazi lile, na watafiti walikadiria wanaume wa hivyo ni karibu robo duniani. Chini ya hadubini mbegu hizo zinahesabika kawaida na zinatembea kawaida. Ila zikiwekwa kwenye ute wa kutengeneza unaofanana na wa mwanamke, nyingi zinakwama. Kwa wenzi waliooana karibuni huko China, wake wa wanaume wenye nakala mbili zilizopungua walichelewa zaidi kushika mimba, na wachache zaidi kati yao walizaa katika muda wa ufuatiliaji.

Nisieleweke vibaya. Robo ya wanaume duniani si wagumba, wengi wao ni baba za watu. Hii ni sababu ya kuchelewa, haifungi mlango. Wala sijui kama ndiyo ya mume wangu, kwa sababu kipimo hicho hakimo katika vipimo vya kawaida vya kliniki. Vipimo vya vinasaba vinavyopendekezwa, kama kuhesabu kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, au kutafuta vipande vilivyokatika kwenye kromosomu Y, ile ya kiume, hufanywa kwa wanaume ambao mbegu zao ni chache sana au hazipo kabisa. Mwenye milioni 48 hatumwi huko.

Na hiyo ni protini moja tu. Kwenye mkia kuna mlango wa kalsiamu uitwao CatSper. Ukiwa mbovu, mbegu inaweza kuogelea vizuri kwenye kioo lakini haipati ule mchapo mkali wa mkia inaouhitaji ifikapo kwenye yai. Kuna IZUMO1, iliyotambuliwa Japani mwaka 2005, inayoishikanisha mbegu na yai. Kuna inayotengenezwa na jeni PLCZ1, ambayo mbegu huingia nayo ndani ya yai ili kuliamsha lianze kugawanyika. Ikikosekana, hata daktari akiidunga mbegu ndani ya yai kwa sindano, yai linaweza kubaki limelala. Na kuna protamini mbili zinazoikunja DNA ya baba ikaenea kwenye kichwa kile kidogo. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoonekana kwenye fomu ya kipimo cha shilingi elfu thelathini, si ya Kigoma wala ya London.

Kwa hiyo mwanamke anayeambiwa "mwenzako mzima, tatizo ni lako" kwa karatasi moja ya maabara anadhulumiwa kwa ushahidi ambao haupo. Natamani wauguzi na madaktari wetu wote wawe wanasema kama alivyosema kijana yule. Mume wangu alikaa kimya kidogo, akamuuliza, "Kwa hiyo hata mimi naweza kuwa na kasoro na isionekane?" Akajibiwa ndiyo, na mkeo vilevile, na huenda ninyi wote wawili hamna kasoro kubwa ila vijisababu vidogo vimekutana. Tulipofika nyumbani alimpigia dada yake mwenyewe. Sikumwambia ampigie. Nilisikia akisema, "Nimepimwa na mimi. Habari ya binti tuiache."

Kingine cha kuwasifu: hawakutuuzia dawa. Hakuna chupa ya virutubisho kwenye kaunta, hakuna "dozi ya mwezi". Walishauri vitu viwili. Kwanza, kipimo kirudiwe baada ya miezi kama mitatu, kwa sababu manii ya mtu yule yule hubadilika sana na sampuli moja haitoshi kumhukumia mtu, kwa uzuri wala kwa ubaya. Pili, turudi kwa daktari wa uzazi tukiwa wawili na majibu yetu sote, tumuulize kuhusu njia ya kusafisha mbegu na kuziingiza moja kwa moja kwenye mji wa mimba kwa mrija mwembamba. Njia hiyo inauruka ule ute wa mlangoni, kwa hiyo hata kama shida iko kwenye vazi la mbegu, hatulazimiki kuijua jeni ndipo tujaribu. Kwetu ina maana ya safari ya Dar es Salaam na akiba ambayo tumeanza kuiweka.

Kwa watakaokwenda: bei ni shilingi elfu thelathini na risiti wanatoa bila kuombwa. Piga simu kwanza ujue kama mtaalamu yupo, maana wa zamu nyingine anasoma fomu ilivyochapwa na maelezo hupati. Nenda asubuhi kabla ukumbi haujajaa, na kikopo kifunike kwa karatasi yenye jina lako kabla hujafika dirishani. Jumamosi epuka, wanafunga mapema na sampuli ikichelewa haisubiri Jumatatu. Majibu anapewa aliyepimwa mwenyewe. Mimi niliingia kwa sababu mume wangu aliulizwa, akasema niingie.